Mkono wa Mabango na Rangi za Maji

Mkono wa fundi wa mabango umefundwa kubana. Ukipewa ukuta na kuambiwa uandike DUKA LA DAWA BARIDI, unapiga kamba ya chaki juu na chini, unagawa nafasi, unachora herufi kwa penseli, ndipo unafungua kopo la rangi ya mafuta. Katika maneno hayo manne kuna herufi A tano, na zote tano lazima zionekane zimetoka tumbo moja. Mwenye duka hana habari na hisia zako. Anachotaka ni kwamba bodaboda anayepita mbio aisome.

Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na minne Mpanda mjini, asubuhi natoka Magamba na baiskeli, jioni narudi na vidole vinanuka tina. Sasa hivi inakufa polepole. Watu wanachapisha mabango ya plastiki kwa mashine, yanatoka ndani ya saa moja, yana picha ya mtoto wa Kizungu anatabasamu, na yakipauka baada ya mwaka wanachapisha mengine. Siwalaumu. Ila mtu ukikaa wiki nzima bila ukuta wa kuandika, mkono unaanza kutafuta cha kufanya. Wa kwangu ulitafuta rangi za maji.

Nilianza na boksi la vidonge kumi na viwili kutoka duka la vifaa vya shule na karatasi za manila. Nilikuwa nachora miti ya huku kwetu kwa mkono uleule wa mabango: penseli kwanza, kisha jani moja moja, kila tawi na ukingo wake. Watu walizipenda hizo picha. Walisema zimekuwa kama zimepigwa kwa simu, na mtaani kwetu hiyo ni sifa kubwa. Nimeziuza kadhaa, moja iko kwenye mgahawa mpaka leo, juu ya friji la soda. Sina ugomvi nazo.

Kilichonifanya nitafute njia nyingine ni miyombo yenyewe. Kama hujawahi kufika Katavi mwezi wa tisa au wa kumi, nikueleze kidogo. Kiangazi kinakuwa kimefika mwisho. Ardhi imekauka, sehemu kubwa imepitiwa na moto na imebaki nyeusi, hewa ina vumbi na moshi, hakuna tone la mvua tangu mwezi wa tano. Basi katikati ya ukavu huo, kabla mvua haijanyesha, miyombo inatoa majani mapya. Na hayatoki kijani. Yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama divai, mengine waridi, na jua la asubuhi likipita ndani yake unaweza kudhani msitu umewashwa taa. Baada ya wiki chache yote yanageuka kijani, na mtu aliyekuwa safarini hatajua kama kulikuwa na kitu.

Sasa mti mmoja kwa mkono wa mabango unanichukua siku tatu. Siku ya tatu mti niliouanza siku ya kwanza haupo tena, rangi imeshahama. Na si majani tu. Kuna myombo niliorudia siku ya pili nikakuta kisiki na alama za tairi za baiskeli, mti wenyewe umeshakuwa gunia la mkaa. Kwa hiyo haja yangu ya mkono mwepesi haikutokana na fasheni ya sanaa. Nilikuwa nachora vitu visivyongoja.

Ukitafuta mafunzo ya jambo hili kwenye intaneti utakutana na neno moja linarudiwa na kila mwalimu: achia. Achia mkono, achia brashi, acha maji yafanye kazi yake. Ni ushauri mtamu. Tatizo lake ni kwamba unamfanya mtu adhani ulegevu wa mkono ni suala la moyo, kwamba ukishatulia na kupumua vizuri picha itatoka yenyewe. Mimi nimetulia sana, nimepumua sana, na picha haikutoka. Rangi za maji ni suala la muda kabla ya kuwa suala la moyo, na muda wake unategemea hewa ya mahali ulipo.

Chukua mfano huu. Ukilowesha karatasi na kuweka rangi wakati bado inang'aa kwa maji, rangi inatawanyika, kingo zinapotea, unapata moshi na ukungu. Ukingoja mng'ao ufe lakini karatasi ibaki na ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, rangi inatawanyika kidogo tu na kubaki na umbo. Hapo ndipo yanapotoka majani ya mbali. Ikikauka kabisa, kila mguso unabaki na ukingo mkali kama herufi. Na katikati ya hali hizo kuna mahali pa hatari: karatasi ikiwa nusu kavu, ukaigusa na brashi yenye maji mengi, yale maji mapya yanasukuma chembe za rangi pembeni na kuacha doa lenye mikunjo kama koliflawa. Ukilitaka ni uchawi, usipolitaka ni msiba.

Walimu wa Ulaya wanaeleza haya yote vizuri, ila wanaeleza wakiwa kwenye unyevu wa kwao. Hapa Magamba mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, kwenye kaupepo, karatasi niliyoilowesha inapoteza mng'ao ndani ya dakika mbili. Mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, karatasi ileile inaweza kukaa robo saa imelowa tu, nikanywa chai na kurudi. Ni kana kwamba nina ufundi aina mbili, wa kiangazi na wa masika, na haufanani. Katika kiangazi nachora mapema sana, saa kumi na mbili na nusu, kabla hewa haijachemka, na nalowesha karatasi pande zote mbili ili ishike maji zaidi. Manila haiwezi mambo hayo. Inajikunja, inafanya mabonde, maji yanatuama kwenye mabonde kama mpunga. Siku hizi naagiza karatasi nzito ya pamba kutoka Dar es Salaam, gramu 300 kwa mita ya mraba, inakuja kwa basi. Bei sitaitaja hapa kwa sababu mama watoto anasoma.

Tofauti kubwa na rangi ya mafuta niliyozaliwa nayo kikazi ni hii. Rangi ya mafuta inasamehe. Herufi ikienda kombo unafuta kwa tina, au unangoja ikauke unapaka nyingine juu yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao ngumu za kuchapwa, alikuwa na rangi ya ukoo huohuo: nzito, inang'aa, inafunika kilichopo chini, nyeupe juu ya nyeusi ukitaka. Ndiyo maana picha za Tingatinga zina ndege wenye madoa meupe juu ya manyoya meusi. Rangi ya maji haifuniki. Nyeupe yako ni karatasi yenyewe, na ukishaipaka imekwenda. Kwenye boksi kuna kidonge cheupe, ndiyo, lakini kikitumika ovyo kinafanya picha ionekane imemwagiwa maziwa. Kwa hiyo mwanga wote wa picha unauamua kabla hujagusa maji.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu mkono mwepesi ambacho neno achia halikusema. Picha inayoonekana imetoka kwa pumzi moja ina maamuzi mengi kuliko ile ya jani moja moja, ila maamuzi hayo yamefanywa mapema, kichwani, ukiwa umesimama na brashi kavu. Kwenye mti wa siku tatu naweza kuamua kila jani nikilifikia. Kwenye mti wa dakika kumi na tano lazima niwe nimeshaamua wapi patabaki karatasi tupu, wapi kingo zitapotea, wapi zitakaa. Wachina wana majina mawili ya uchoraji wao wa wino na brashi. Ule wa makini, wa kila unyoya wa ndege, wanauita gongbi. Ule mwepesi wanauita xieyi, na jina hilo likitafsiriwa kwa karibu ni kuandika maana. Kuandika! Mimi ambaye nimekula ugali wa kuandika kwa brashi miaka yote hiyo nilifurahi kusikia hivyo kuliko nilivyopaswa.

Mtu mwingine aliyenisaidia ni jirani, kwa maana ya reli. Treni ya Mpanda inapita Kaliua inakwenda Tabora, na Tabora ndiko alikozaliwa Jonathan Kingdon mwaka 1935. Alikuja kufundisha sanaa Makerere na kutoa vitabu vyake vikubwa vya mamalia wa Afrika Mashariki kati ya 1971 na 1982. Ni mchoraji na ni mwanasayansi wa wanyama kwa pamoja. Ukiangalia michoro yake ya haraka, mstari mmoja unapita mgongoni mwa mnyama na mnyama yuko hai, anageuka. Kisha unafungua ukurasa mwingine unamkuta mnyama huyohuyo amechorwa msuli kwa msuli na mfupa kwa mfupa. Wepesi wa mstari ule umelipiwa kwenye ukurasa wa misuli. Tangu hapo sijaona haya kwamba bado nakaa chini ya myombo na penseli nikihesabu matawi. Nahesabu ili nisihitaji kuhesabu brashi ikishalowa.

Mazoezi yangu mengine ni ya kawaida. Nachora nimesimama, ili mkono utoke begani na siyo kwenye kifundo. Natumia brashi bapa ya inchi mbili, ya kupakia milango, kwa sababu haiwezi kuchora jani hata ukiilazimisha. Rangi nimepunguza mpaka tatu: oka ya njano, siena iliyochomwa na bluu ya ultramarini. Siena ikichanganywa na hiyo bluu inatoa kijivu chenye chembechembe, na ndicho kijivu cha ardhi iliyoungua, sijapata kinachoishinda. Siena, kwa taarifa yako, ni udongo, na jina ni la mji wa Italia. Na gundi inayoshikilia unga wa rangi kwenye kidonge ni utomvu wa mgunga. Yaani nanunua kwa bei ya dukani udongo na utomvu wa mti, vitu ambavyo nikisimama mlangoni kwangu naviona. Siku moja nitasaga wa kwetu.

Basi mkono ukawa umelegea kiasi cha kuridhisha, na hapo akaja Babu.

Si babu yangu wa damu. Ni mzee wa Kikonongo, mrina asali, anakaa mwisho wa njia yetu, na wote tunamwita Babu. Wanawe walikuwa wanataka kuvunja nyumba yake ya udongo ili wamjengee ya tofali za kuchoma palepale. Hakukataa. Akaniita.

"Fundi, nichoree nyumba yangu kabla hawajaivunja."

Nilikwenda asubuhi na karatasi ile nzito. Jua lilikuwa linakuja kutoka nyuma ya mwembe, bati linawaka, upande wa mbele wote uko kivulini. Bati nililiacha karatasi tupu. Kivuli cha mwembe na ukuta wa nyumba nikaviunganisha katika mmiminiko mmoja wa kijivu na siena, hujui ukuta unaishia wapi na mti unaanzia wapi. Dakika arobaini. Nikarudi nyuma hatua tano nikatazama, na nasema bila kujidai kwamba ilikuwa picha bora niliyowahi kuchora.

Babu aliishika kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu.

"Umechora vizuri," akasema. "Ila mlango wangu uko wapi?"

"Mlango uko hapa, Babu, ndani ya kivuli."

"Hapo ni giza. Mlango wangu ni wa mninga, nimeupasua mimi mwenyewe. Una bawaba tatu, ya katikati ni mpira wa tairi. Bibi yenu aliingia kwa mlango ule akiwa bibi harusi na akatolewa kwa mlango ule. Sasa hapa ameingilia wapi?"

Nikajaribu kumweleza kwamba picha ile ni ya mwanga, kwamba jicho linapumzika kwenye kivuli na kukimbilia kwenye bati. Alinisikiliza kwa adabu kuliko wateja wangu wengi.

"Mwanga, fundi, utakuwepo hata nyumba isipokuwepo."

Nilikwenda nyumbani na hilo neno, na kwa siku kadhaa nilibishana nalo peke yangu. Ninyi mnaosoma fasihi mtalitambua, kwa sababu ugomvi huu tumeshaugombana kwa Kiswahili kwa kelele nyingi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, si mbali sana na huku, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi: vina, mizani, vyote kwa kipimo. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na ndani yake mashairi hayakufuata vina wala mizani. Wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Tukisoma habari hizo leo ni rahisi kuwaona wale wazee kuwa watu wa kung'ang'ania kamba ya chaki, na kijana wa Ukerewe kuwa ndiye aliyeachia. Mimi nilikuwa upande huo shuleni, na kwa kiasi kikubwa bado niko huko.

Lakini baada ya mlango wa Babu nawasikia wale wazee tofauti kidogo. Shairi la mapokeo lilitungwa liimbwe na likae kichwani mwa mtu asiye na kitabu. Kina ni pahali pa kushika. Ukimwondolea msikilizaji kina, una deni la kumpa kitu kingine cha kushika, na Kezilahabi alilijua hilo deni: soma Kichomi taratibu utaona alivyobana taswira zake, namna anavyorudia neno kwa makusudi. Alilegeza sehemu moja akakaza nyingine. Walioiga wakalegeza kila mahali ndio waliotuletea yale mashairi ambayo ni sentensi za kawaida zilizokatwa katikati, nayo mpaka leo hayajaisha.

Kwa hiyo swali la Babu halikuwa "kwa nini umelegeza?" Alikuwa ananiambia kipi kikazwe. Na jambo linalonisumbua ni kwamba jibu lake halikuwemo kwenye mwanga. Ningekaa pale mwezi mzima nikitazama kwa jicho langu zuri la mchoraji, nisingeuona mlango ule, kwa sababu asubuhi ile kwa kweli ulikuwa giza. Ilibidi mtu aniambie. Walimu wa kuachia hawasemi habari hii. Wanazungumza kana kwamba kati ya mchoraji na karatasi hakuna mtu wa tatu, kana kwamba nyumba haina mwenyewe.

Nilirudi wiki iliyofuata, saa kumi jioni, jua likiwa limehamia mbele ya nyumba. Picha ya pili niliichora kwa wepesi uleule: mwembe mmiminiko mmoja, bati karatasi tupu, uwanja brashi bapa mara mbili. Mahali pa mlango nilipaacha pakavu. Nilingoja. Babu aliniletea kigoda nikakataa, akakikalia yeye. Kila kitu kilipokauka nilichukua brashi ndogo, namba 2, na nikafanya kile ambacho mkono wangu unakijua tangu ujana: kingo nne zilizonyooka, mbao tano za siena tupu, bawaba ya juu, bawaba ya chini, na katikati kipande cheusi cha tairi na misumari yake miwili. Pumzi nimeizuia kama naandika bango la benki. Dakika kumi na moja kwa mlango peke yake, zaidi ya zile nilizotumia kwa mwembe mzima.

Babu aliweka kidole karibu na ile bawaba bila kuigusa, akaanza kucheka. Kisha hakucheka tena, akaingia ndani na picha.

Ya kwanza ninayo mimi. Bado naipenda, na nikiulizwa kama mchoraji ningesema ndiyo nzuri zaidi. Nikiulizwa ipi ni nyumba ya Babu, sina ubishi.

Tangu hapo kabla ya kulowesha karatasi nauliza, kama kuna wa kumuuliza. Majibu huwa si yale ninayoyategemea. Mama mmoja muuza karanga, niliyetaka kumchora kwa ajili ya kanga yake na vumbi la stendi, alisema nisisahau kopo la kupimia, kwa sababu la kwake halijabonyezwa chini kama ya wengine. Kijana wa mkaa alitaka baiskeli. Kwa miyombo yenyewe hakuna wa kumuuliza, na huko bado naachia mkono wote, mwezi wa kumi, mbio mbio na brashi ya milango, nyekundu ikikimbilia ndani ya kijivu kabla sijaamua kuiruhusu.

Nyumba ilivunjwa, mpya imefika kwenye lenta. Mlango wenyewe, nimeukuta juzi, umehamia kwenye banda la mbuzi, bawaba zote tatu. Nilimtania Babu kwamba basi picha haikuwa na haja. Akasema mbuzi hawajui aliyeupasua. Sasa anataka nichore mizinga yake kule juu ya myombo, na nyuki wake. Nimemuuliza nyuki wangapi nichore wakaze na wangapi niwaache walegee. Ameniambia atafikiria.